Kompyuta Iliyo Nyuma ya Mashine ya Damu

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa mjini Mombasa mbele ya wahudumu wa maabara, wauguzi, wanafunzi wa kompyuta na wakazi waliokuja kusikiliza. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, kwa sababu wengi waliomba wapate kuyasoma.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu, vijana wa vyuo, asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Jumamosi tarehe 22 Juni 2024, wadukuzi waliingia kwenye mifumo ya kompyuta ya Huduma ya Taifa ya Maabara za Afya ya Afrika Kusini, ile inayojulikana kwa ufupi kama NHLS. Hizo ni maabara 265. Ndizo zinazopima damu, mkojo na makohozi ya wale wanaotibiwa katika hospitali za umma, yaani karibu watu wanane katika kila kumi nchini humo. Wadukuzi waliifunga mifumo ili walipwe kikombozi, na wakafuta mpaka nakala za akiba. Wakati huo nchi ilikuwa inapambana na mlipuko wa mpox.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hili ndilo lililonifanya nikubali kusimama mbele yenu. Mashine za kupima hazikuharibika hata moja. Sampuli zilipokelewa, zikapimwa, majibu yakatoka. Kilichokatika ni njia ya jibu kutoka maabara hadi kwa daktari aliyesimama kando ya kitanda. Ikabidi majibu ya dharura yasomwe kwa simu. Mliofanya kazi usiku katika hospitali kubwa mnajua maana yake: mtu mmoja wa maabara ana rundo la karatasi mkononi, simu ya wodini haishikwi, ikishikwa jina la mgonjwa ni Mohamed Ali, na wodi hiyo ina akina Mohamed Ali watatu.

Mwezi huohuo, tarehe 3 Juni, jambo kama hilo lilikwisha kutokea London. Kampuni ya Synnovis, inayopimia damu hospitali kubwa za kusini-mashariki mwa jiji hilo, ilifungiwa mifumo yake. Hospitali zikashindwa kulinganisha damu ya mgonjwa na ya mchangiaji kwa kasi iliyozoeleka, basi madaktari wakaikimbilia damu ya kundi O, ambayo ndiyo salama zaidi kumpa mtu usiyejua kundi lake. Akiba ya O ikapungua, hata watu wa kundi hilo wakatangaziwa wajitokeze kuchangia. Miadi zaidi ya 10,000 iliahirishwa. Mwaka uliofuata, hospitali ya King's College ilithibitisha kwamba kungojea jibu la damu kwa muda mrefu kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyochangia kifo cha mgonjwa wao mmoja.

Tukisema usalama wa kibayolojia, watu wengi huwaza kijidudu kilichotoroka kwenye chupa. Tukisema usalama wa mtandao, huwaza pesa za M-Pesa zilizoibwa. Mimi leo nazungumzia pale mambo haya mawili yanapokutana, na nadhani kwetu Pwani yanakutana mahali ambapo hakuna anayepaangalia.

Nyuma ya kila mashine kubwa ya kupima damu kuna kompyuta. Wagonjwa hawaioni, na wakubwa wakija kukagua huonyeshwa mashine, hawaonyeshwi kompyuta. Katika maabara moja niliyofanyia kazi, ambayo sitaitaja, kompyuta hiyo ilikaa sakafuni chini ya meza, imejaa vumbi la feni, na nywila yake imeandikwa kwa kalamu juu ya kipande cha plasta ya kidonda kilichobandikwa kwenye skrini. Ilikuwa inatumia Windows 7, mfumo wa zamani wa kuendeshea kompyuta. Microsoft, waliouunda, waliacha kuziba bure mianya ambayo wadukuzi huipitia mwezi Januari 2020, kwa hivyo kwa asiyelipia nyongeza mianya iliyogunduliwa tangu hapo imebaki wazi. Tulipotaka kuibadilisha tukaambiwa tusiiguse, tukiigusa dhamana ya mashine imekwisha. Ndani yake mlikuwa na programu ya kumwezesha injinia wa kampuni kuingia akiwa Nairobi na kurekebisha mambo, nayo ilikuwa wazi saa ishirini na nne. Na printa ilipoharibika, majibu yalibebwa kwa flashi hadi ofisi ya rekodi. Flashi hiyo hiyo jioni ilikwenda saiba kuchapisha kazi za chuo.

Niliwauliza watu wa ICT. Wakaniambia, "Ile ni mashine ya maabara, sisi hatuna ruhusa nayo." Nikamwendea fundi wa vifaa vya hospitali. Akasema yeye anajua pampu, sindano na mota, kompyuta ni ya ICT. Nikampigia aliyetuletea mashine. Mnajua jinsi mambo haya yanavyokwenda: mashine huletwa bila kulipiwa, hospitali hufungwa na mkataba wa kununua vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, kwa miaka kadhaa. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba mkataba wake ni wa vitendanishi. Watu watatu waungwana, wenye ujuzi, na kila mmoja alikuwa na haki kwa upande wake. Chombo kipo baharini, abiria wamejaa, na usukani haujashikwa na mtu.

Hilo ndilo neno langu la leo. Yote nitakayosema baada ya hapa yanazunguka hapo.

Kuna kijana ameniuliza pale nje kama ni kweli virusi vya kompyuta vinaweza kutiwa ndani ya DNA. Ni kweli, na nitaeleza, kwa sababu habari hii husimuliwa kwa vitisho kuliko inavyostahili. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, kule Seattle, walitengeneza uzi mfupi wa DNA wenye herufi 176. DNA, kama mlivyofundishwa, huandikwa kwa herufi nne tu, A, C, G na T. Mashine ya kusoma DNA huusoma uzi huo na kuugeuza kuwa faili ya kompyuta. Wale watafiti walizipanga herufi zao hivi kwamba, faili ilipofunguliwa na programu ya kuichakata, ikawa ni amri, na amri ile ikawapa uwezo wa kuitawala kompyuta. Lakini mwanya wenyewe walikuwa wameuweka wao makusudi ndani ya programu, na wao wenyewe walisema hapakuwa na sababu ya watu kuingiwa na hofu.

Basi kwa nini naileta hadithi hii hapa? Kwa sababu ya lile walilolifanya kando, ambalo magazeti hayakulishughulikia sana. Walizichunguza programu za kawaida ambazo wanabayolojia duniani huzitumia kila siku, zile za bure, na wakakuta nyingi zimeandikwa bila kujali usalama. Nazo haziandikwi na watu wazembe. Zimeandikwa na wanasayansi waliotaka jibu la swali lao, wakaamini kwamba kinachotoka kwenye kijichupa ni bayolojia tu. Kwa miaka mingi imani hiyo haikuwadhuru.

Halafu Aprili 2023 likaja onyo lisilokuwa la majaribio. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, pamoja na shirika la usalama wa mitandao la nchi hiyo, walitangaza kwamba programu iliyomo ndani ya mashine kadhaa za kusoma DNA za kampuni ya Illumina ina mwanya mkubwa. Mtu aliye mbali angeweza kuishika mashine kupitia mtandao, akabadilisha mipangilio, akazuia majibu, au akayageuza. Kampuni ikatoa dawa ya mwanya huo. Mashine hizo zimeenea dunia nzima, Afrika ikiwemo. Dawa ya programu haijiweki yenyewe. Lazima pawe na mtu aliyepata barua, akaisoma, akajua inamhusu, na akawa na ruhusa ya kuigusa mashine. Rudini kwenye wale watu wangu watatu, mniambie barua hiyo ingemfikia nani.

Na nasisitiza neno "akayageuza". Maabara ikifungwa, sote tunajua imefungwa. Tutalia, tutapiga simu, tutaandika kwa mkono. Linaloninyima usingizi ni jibu lililobadilishwa kidogo, huku kila kitu kikionekana kizima. Lugha ambayo mashine nyingi za maabara huzungumzia na mfumo wa hospitali, HL7, mizizi yake ni ya miaka ya 1980, na toleo lake linalotumika sana husafirisha majibu kwa maandishi ya wazi, bila kufuli ya aina yoyote isipokuwa mjenzi wa mfumo aiongeze. Potasiamu ya damu ikiwa 6.8 ni dharura ya moyo, na ya 3.8 ni ya mtu mzima wa afya. Tofauti ni tarakimu moja. Mtu wa maabara mwenye uzoefu anaweza kushtuka akiona jibu halilingani na hali ya mgonjwa, na ndiyo maana siungi mkono kabisa mtindo wa kupitisha majibu moja kwa moja hadi wodini pasipo jicho la mtu, hata kama unaokoa dakika.

Kugeuza maneno kumekwisha kufanyika mahali pengine. Desemba 2020 Shirika la Dawa la Ulaya lilidukuliwa, na nyaraka za chanjo ya Pfizer na BioNTech zikachukuliwa. Januari 2021 zikatupwa mtandaoni, na shirika likasema baadhi ya barua zilikuwa zimechezewa kabla ya kutolewa, kwa namna ya kuvunja imani ya watu kwa chanjo. Sisi hapa tunajua uvumi wa chanjo unavyokimbia kwenye magrupu ya WhatsApp kuanzia Likoni hadi Kisauni. Uvumi wenye karatasi yenye nembo mkononi ni mgumu zaidi kuuzima.

Wenzetu wa kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI na Wellcome Trust pale Kilifi waliisoma jenomu, yaani maandishi yote ya jeni, ya virusi vya korona kutoka kwa wagonjwa wa kaunti za Pwani wakati wa janga, na kazi yao ilisaidia kujua ni aina gani ya virusi inaingia na inatokea wapi. Naitaja kwa fahari. Utafiti kama huo hauko mbali nasi, uko mwendo wa saa chache kwa matatu, na siku ambayo data zake zitatiwa shaka, atakayeumia ni mtoto wa Ganze au wa Kongowea.

Nije kwenye DNA zetu wenyewe. Mwaka 2023 kampuni ya Marekani ya 23andMe, ambayo watu huipelekea mate yao ili waelezwe asili yao, iliibiwa data za watu takriban milioni 6.9. Wezi hawakuvunja ukuta wowote. Walichukua nywila zilizokwisha kuvuja kwenye tovuti nyingine, wakajaribu kama kuna waliotumia nywila hizohizo huku, na wakafanikiwa kwa akaunti kama 14,000. Kutoka 14,000 wakafika milioni 6.9, kwa sababu kampuni ilikuwa na huduma ya kukuonyesha jamaa zako. Ukishaingia kwa mmoja unawaona jamaa zake waliojiunga na huduma hiyo. Orodha za watu wenye asili ya Kiyahudi na za wenye asili ya Kichina ndizo zilizotangulia kunadiwa.

Katika mji huu wa koo, hebu lipimeni jambo hilo. Mji ambao nikitaja jina la babu yangu, nusu ya Mji wa Kale itaniambia nimeoa kwa nani. Kipimo cha selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, cha binti mmoja ni habari ya mama yake, ya baba yake, na ya shangazi ambaye hajawahi kutoa damu maishani. Nimewahi kuona posa ikiyumba kwa sababu ya karatasi ya maabara iliyopita mikono isiyostahili, na hapo hapakuwa na mdukuzi wa ng'ambo, palikuwa na droo isiyofungwa. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu data za jeni na za afya kuwa data nyeti, na inamtaka anayezihifadhi amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 akijua zimevuja na kuna hatari kwa wenyewe. Sheria ni nzuri. Ila saa 72 zinahesabiwa tangu kujua, na asiyeangalia hajui.

Kuhusu DNA za kuagiza nitapita haraka, na kwa makusudi sitaingia ndani. Leo mtafiti huandika herufi kwenye kompyuta, akazituma, na kampuni ikamtengenezea DNA yenyewe na kumletea kwa posta. Kampuni nyingi kubwa ziliungana tangu 2009 na kukubaliana kukagua maagizo ili pasipite kitu cha hatari. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israeli, walionya kwamba kompyuta ya mtafiti ikishikwa na programu hasidi, agizo linaweza kubadilishwa bila yeye kujua, na ukaguzi ukapitwa. Walimu wa vyuo mlio hapa, kompyuta inayotuma maagizo kama hayo isiwe ile ya wanafunzi kutazamia mpira. Hayo yatosha.

Sisi ni watu wa bandari, kwa hivyo hili la mwisho linatuhusu mara mbili. Tarehe 27 Juni 2017 programu hasidi iliyopewa jina NotPetya ilianzia Ukraine, kupitia programu ya mahesabu ya kodi iliyotumika sana huko, ikazagaa duniani. Iliifikia Merck, kampuni ya dawa ya Marekani, ikavuruga utengenezaji wa chanjo yao ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, iitwayo Gardasil, hata ikawabidi waazime dozi kutoka akiba ya serikali ya Marekani ili watimize mahitaji. Chanjo ya HPV ndiyo ile iliyozinduliwa hapahapa Mombasa Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka kumi. Aliyeandika ile programu hasidi hakuwa na habari na wasichana wa Mvita wala na saratani ya mlango wa kizazi.

Siku hiyohiyo ikaiangusha kampuni ya meli ya Maersk, ambao makontena yao mnayaona Kilindini kila siku. Seva zao zilizohifadhi orodha ya nani ni nani katika mtandao wao wote zilifutika, dunia nzima, isipokuwa moja. Ile moja ilikuwa Ghana. Ilisalimika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika pale na seva haikuwa kwenye mtandao shambulio lilipopita. Mfanyakazi wa Ghana hakuwa na viza ya Uingereza, basi akaruka na diski hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake, naye akaipeleka Uingereza. Kampuni kubwa kiasi hicho iliokolewa na nakala moja iliyokuwa imekatwa na mtandao, tena kwa bahati. Sisi wa kukatikiwa na umeme tunaweza kuwa na nakala kama hiyo kwa kupanga: diski mbili, moja imechomolewa na kufungiwa kabatini, zikibadilishana kila wiki. Bei yake haifiki bei ya boksi kadhaa za vitendanishi. Kule Afrika Kusini nakala zilikuwepo, lakini ziliweza kufikiwa kupitia mlango uleule.

Sasa nawaomba nini? Wakuu wa hospitali na wa kaunti: mkitoa zabuni ya mashine, andikeni ndani ya mkataba ni nani atakayeisasisha kompyuta yake, kwa miaka mingapi, na kwamba njia ya injinia kuingia kutoka mbali ifunguliwe anapoomba na ifungwe akimaliza. Mkataba ukishatiwa saini hamna nguvu tena, nami nimeona wakuu wakibembeleza kitu ambacho kingepatikana bure mwezi mmoja kabla. Mashine za maabara zisikae kwenye mtandao mmoja na Wi-Fi ya wageni. Hilo ni kazi ya siku moja kwa fundi anayejua.

Wenzangu wa maabara, rejista ya karatasi msiitupe. Najua inachosha, najua mlifurahi ilipoondoka. Lakini pangeni siku moja katika kila miezi michache mfanye kazi kana kwamba mfumo umekufa: fomu zipo wapi, nani anapeleka majibu wodini, jina la mgonjwa na namba yake vinahakikishwa vipi kwenye simu. Mara ya kwanza itakuwa vurugu. Afadhali vurugu hiyo itokee Jumatano asubuhi mkiwa mmejiandaa.

Na vijana wa kompyuta, mnaotafuta mradi wa mwaka wa mwisho, naona wengi mnatengeneza programu za kuagiza chakula. Njooni maabara. Sisi tutawafundisha sampuli ni nini na kwa nini mtu hufa jibu likichelewa, nanyi mtatufundisha lango la mtandao ni nini. Kwa sasa hatuna msamiati mmoja wa kuzungumza, na wale watu watatu niliowataja hawajawahi hata kukaa meza moja kunywa chai.

Nimeleta karatasi ya kurasa mbili, iko kwa dada pale mlangoni. Ina safu chache: mashine, kompyuta yake, imeunganishwa na nini, nakala ya mwisho ilichukuliwa lini, na jina la mtu mmoja anayewajibika. Jina la mtu, lisiwe la idara. Wasimamizi wa maabara, ijazeni wiki hii. Mkikosa jina la kuandika kwenye safu ya mwisho, ipelekeni hivyo hivyo ikiwa wazi kwa daktari mkuu, mkamwombe alijaze yeye. Sasa nitapokea maswali, na ningependa tuanze na wauguzi.